Wiki ya Kupima Moyo wa Bobi

JUMATATU

Mbwa wetu Bobi alitakiwa awe hospitali ya wanyama saa tatu asubuhi kwa kipimo cha eko ya moyo. Tulitoka nyumbani Reading, Uingereza, mapema, mvua inanyesha. Kwenye barabara kuu ya M4 lori lilikuwa limepinduka na njia mbili zimefungwa. Tulifika saa nne kasoro. Dada wa mapokezi akasema nafasi yetu amekwisha kupewa paka.

Sikubishana. Daktari bingwa wa moyo hufika pale siku mbili tu kwa juma, na kila mnyama aliyekuwa ukumbini alikuwa na shida yake. Lakini shida yetu nayo ilikuwa na tarehe. Ijumaa Bobi anatakiwa kuwekewa dripu ya doksorubisini, na majibu ya eko ndiyo yatakayosema kama inafaa aipate. Tukaambiwa tukae, ukipatikana upenyo tutaitwa.

Kwa msomaji asiyemjua Bobi: ana miaka minane na kilo 30. Mama yake alikuwa Boxer, baba hajulikani. Mwaka jana mke wangu, Mama Neema, alikuwa akimkuna shingo, akagusa vinundu viwili vigumu chini ya taya, kama kokwa za zambarau. Ilikuwa limfoma, saratani ya tezi. Akapewa mzunguko mzima wa kemo: vinkristini, siklofosfamidi, doksorubisini na vidonge vya prednisoloni, zinapokezana kwa miezi kadhaa. Vinundu vikanywea vyote. Kisha vikarudi, na sasa tuko katikati ya mzunguko wa pili.

Kati ya dawa hizo, doksorubisini ndiyo yenye nguvu kuliko zote. Ni maji mekundu kabisa. Chanzo chake ni bakteria wa udongo uliochotwa karibu na ngome ya Castel del Monte, kusini mwa Italia, na Marekani iliiruhusu kutumika hospitalini mwaka 1974. Inaua seli za saratani. Inaumiza pia misuli ya moyo.

Hapo ndipo penye mzigo. Seli za moyo hazizaliwi upya kama zile za ngozi au za utumbo. Jeraha la dozi moja linakaa, la dozi ya pili linawekwa juu yake. Kwa hiyo daktari haangalii dozi ya leo peke yake, anajumlisha kuanzia ya kwanza. Mbwa wa ukubwa wa Bobi hupewa miligramu 30 kwa kila mita ya mraba ya eneo la mwili, na madaktari wengi husimama jumla inapofika kati ya 180 na 240. Binadamu huruhusiwa kwenda mbali zaidi, hadi 450 au 550. Mzunguko mmoja wa kawaida una dozi nne, yaani 120, na mbwa wengi humaliza hapo moyo ukiwa salama. Bobi ameshafika 150. Dozi ya Ijumaa ingemfikisha 180.

Tena ana damu ya Boxer. Boxer, Doberman na Great Dane ni miongoni mwa mbwa wanaozaliwa wakielekea kupata ugonjwa wa misuli ya moyo hata kama hawajawahi kuonja dawa ya saratani. Mbwa asiye wa jamii hizo, na ambaye kifua chake kikisikilizwa hakina mlio wa ajabu, madaktari wengi hawaoni haja ya kumfanyia eko kabla ya kuanza. Nawaelewa, eko ni ghali na mara nyingi haileti jambo jipya. Kwa Bobi sikubali kipimo chochote kirukwe.

Tuliitwa saa nane mchana. Wakamnyoa kiganja kimoja cha manyoya kila ubavu. Alilazwa ubavu wa kulia kwenye meza yenye tundu, kifua chake kikawa juu ya tundu hilo, na daktari akapitisha kifaa cha altrasaundi kutokea chini. Mbwa akilazwa hivyo moyo unasogea karibu na ukuta wa kifua na mapafu yanapisha. Muuguzi alishika miguu, mimi nikashika kichwa. Jeli ilikuwa baridi. Ngozi ya begani ikamcheza kidogo, kisha akatulia, macho yake yakiwa kwangu.

Kwenye skrini ukuta wa chumba cha kushoto cha moyo ulikuwa unakuja na kurudi, unakuja na kurudi. Daktari alisimamisha picha chumba kilipojaa damu, akapima upana. Akasimamisha tena kilipobana, akapima. Ukichukua tofauti ya vipimo hivyo viwili ukaigawa kwa kile cha kwanza, unapata asilimia inayoonyesha jinsi moyo unavyobana. Mbwa wengi wazima huwa kati ya 25 na 45. Kabla ya kemo Bobi alikuwa na 36. Leo ana 28.

Nilimwuliza daktari kama 28 ni mbaya. Akasema yenyewe si mbaya, wapo mbwa wazima wenye 28 maisha yao yote. Kinachomsumbua ni kwamba Bobi hakuanzia hapo. Bila ile picha ya mwaka jana, namba ya leo ingepita bila mtu kuistukia. Nasema hili kwa yeyote mwenye mbwa anayekaribia kuanzishiwa dawa hii: kama ni wa jamii zenye moyo dhaifu, dai picha ya kwanza mapema, moyo ukiwa bado mzima.

Aliagiza vipimo viwili zaidi vikamilike kabla ya Ijumaa. Mashine ya kulipia maegesho haikukubali kadi. Tulifika nyumbani saa mbili usiku.

JUMANNE

Kabla hatujaondoka jana walimvalisha kifaa cha Holter. Ni kisanduku kidogo kinachorekodi umeme wa moyo kwa saa 24 mfululizo, pigo moja baada ya jingine. Vibandiko vinakaa kwenye ngozi iliyonyolewa, nyaya zinaingia kwenye kisanduku, kisanduku kinakaa kwenye mfuko wa fulana maalumu. Bobi anavaa fulana ya bluu iliyowahi kuvaliwa na mbwa mnene zaidi. Imefungwa kwa plasta.

Hospitalini walikuwa wameshampima umeme wa moyo kwa dakika chache, ukaonekana safi. Kwa mbwa mwenye damu ya Boxer dakika chache hazitoshi. Mapigo yanayojitokeza nje ya zamu yake huja kwa makundi, yakapotea, yakarudi usiku. Boxer akionyesha zaidi ya 100 ya aina hiyo kwa saa 24, daktari huanza kuwa na wasiwasi. Ukimtazama kwa dakika tano unaweza usione hata moja.

Tulipewa na karatasi ya kujaza. Kila anachofanya kiandikwe na saa yake: amelala, amekula, amepanda ngazi, amebweka. Anayesoma rekodi akikuta moyo ulikwenda mbio saa tano na dakika kumi, atatazama karatasi ajue kama ni ugonjwa au ni mtu wa posta. Nimejaza kila mstari. Mtu wa posta alikuja asubuhi, akarudi mchana na kifurushi cha jirani.

Saa saba Bobi alijisugua kwenye uzio na waya mmoja ukachomoka. Nilipiga simu hospitali, wakasema nisiubandike mwenyewe, nimpeleke kliniki ya mtaani kwetu. Huko palikuwa na sungura wawili, kobe, na mbwa mwenye kola ya plastiki aliyekuwa akiigonga kwenye kila kiti. Muuguzi aliubandika upya na kuandika saa. Kwa sababu ya pengo lile, Bobi lazima avae fulana mpaka kesho mchana. Nilikuwa na zamu ya jioni ya basi. Nikaomba jamaa mmoja wa Kisumu tunayefanya naye kazi anishikie, naye akakubali akitaka nimlipe Jumapili.

Mama Neema yuko zamu ya usiku kwenye nyumba ya wazee anakofanya kazi. Bobi hakutaka kulala na fulana, kwa hiyo nilitandika godoro sebuleni nikalala naye. Nilisoma habari za Augustus Waller, mwanafiziolojia wa London, aliyekuwa na mbwa aina ya bulldog kwa jina Jimmie. Mwaka 1887 Waller alionyesha kwamba umeme wa moyo wa binadamu unaweza kurekodiwa kutoka nje ya mwili. Baadaye alikuwa akimsimamisha Jimmie, miguu ikiwa ndani ya vyombo vya maji ya chumvi vilivyounganishwa na mashine, na watu wanaona moyo wake ukipiga. Mwaka 1909 Jimmie alionyeshwa mbele ya Royal Society, na jambo likafika Bungeni, mbunge akiuliza kama huo si ukatili. Waziri alijibu kwamba ni maji yaliyotiwa chumvi ya kawaida.

Nilimpenda Jimmie. Kila waya aliofungwa Bobi leo una asili yake kwenye vyombo vile. Saa tisa usiku niliandika kwenye karatasi kwamba amelala.

JUMATANO

Fulana imevuliwa saa nane mchana. Kisanduku kimechukuliwa na mtu wa pikipiki aliyeahidi kufika saa nane na nusu na akafika saa kumi na moja. Alikuwa amelowa. Nikampa chai.

Mchana wote ulikuwa wa bima. Nilipiga, nikasikiliza muziki wao, nikaelezwa mara nyingi kwamba simu yangu ni ya muhimu. Nilipopokelewa, kijana aliuliza kama ugonjwa wa moyo wa Bobi ni mpya. Nikasema hana ugonjwa wa moyo, anapimwa moyo kwa ajili ya dawa ya saratani. Akasema kwenye mfumo wao moyo una fungu lake na saratani ina fungu lake. Ikiwa ni fungu jipya, nitalipa upya kile kiasi cha mwanzo ambacho mwenye bima hujilipia. Simu ilikatika hapo.

Nilipiga tena, nikapata dada mwingine, nikaanza upya. Nilimweleza polepole. Mbwa anayepata kemo hupimwa damu kabla ya kila dozi, kwa sababu dawa hushusha chembe nyeupe, na kwa kawaida huwa chini kabisa kati ya siku ya saba na ya kumi. Hakuna anayeuliza kama huo ni ugonjwa mpya wa damu. Eko na Holter kwa mbwa anayepewa doksorubisini ni kitu kilekile. Ni sehemu ya dawa, ni kama sindano yenyewe. Dada alinisikiliza mpaka mwisho, na ninamshukuru. Kisha akasema inahitajika barua ya daktari.

Jambo hili linaniuma kuliko lori la Jumatatu. Mwenye mbwa akishaona kwamba kumpima moyo kutamgharimu mara mbili, ataacha kumpima, na atapewa dawa hivyohivyo. Mbwa hawezi kusema kwamba siku hizi akipanda ngazi anachoka. Barua za bima katika hospitali yetu huandikwa siku za Ijumaa.

ALHAMISI

Leo ilikuwa siku ya damu. Chupa ya kwanza ni ya kuhesabu chembe. Ya pili ni ya troponini, protini ambayo kawaida yake hukaa ndani ya seli za misuli ya moyo. Seli ikijeruhiwa, inavuja na kuingia kwenye damu. Inaweza kupanda kabla eko haijaonyesha kitu. Haisemi kilichoiumiza seli, na figo mbovu nazo zinaweza kuipandisha, kwa hiyo haisomwi peke yake. Bobi alitoa mguu bila kuvutwa.

Gari la maabara lilikuwa limeshapita. Lingekuja tena kesho mchana, na majibu yangefika hospitali baada ya daktari wa saratani kuwa ameshaondoka. Nikauliza kama naweza kuipeleka sampuli mwenyewe. Wakashauriana, wakakubali, wakaniuliza kama nina chombo cha baridi. Nilirudi nyumbani nikachukua boksi ambalo Mama Neema hulitumia kununulia samaki, nikalisafisha kwa maji ya moto, nikatia barafu, nikaifunga chupa kwenye taulo. M4 ilikuwa wazi. Nilifika, nikasubiri mtu wa kusaini.

Jioni Mama alipiga kutoka Moshi. Huwa anapiga Jumapili, lakini Mama Neema alikuwa ameshamtumia picha ya Bobi na fulana yake. Nilijiandaa kueleza kwa nini mbwa anafanyiwa yote haya, maana ni mwanamke aliyefuga mbwa wa ulinzi maisha yake yote na hajawahi kumruhusu mmoja avuke kizingiti. Hakuuliza hilo. Aliuliza, "Ndiyo ile dawa nyekundu aliyopewa shangazi yako?"

Ni ileile. Shangazi alitibiwa saratani ya titi Ocean Road, Dar es Salaam, na Mama ndiye aliyekaa naye. Anakumbuka mkojo ulivyotoka mwekundu baada ya dripu, wakadhani ni damu mpaka nesi alipowatuliza. Anakumbuka pia kwamba shangazi alipelekwa kupimwa moyo kabla ya kuanza, na kwamba yeye alikasirika kwa kucheleweshwa, kwa sababu mgonjwa alikuwa mgonjwa wa titi. "Baadaye ndipo nilipoelewa," akasema. "Msiwaache wamchome bila kumpima, mwanangu."

Nikamwambia hatutawaacha. Akauliza kama kule nyumbani mbwa nao wanatibiwa. Nikamwambia wapo, hasa wale wa saratani ya sehemu za siri, ile wanayoambukizana wakipandana. Hao huchomwa vinkristini mara moja kwa wiki, kwa wiki chache, na wengi hupona kabisa. Vinkristini asili yake ni ule mmea wenye maua ya waridi ambao Mama ameupanda kandokando ya njia ya kuingilia nyumbani, na haina tabia hii ya kuumiza moyo. Alinyamaza kidogo, akasema mvua za huko zimechelewa.

IJUMAA

Tuliitwa saa tano badala ya saa tatu. Bobi alikataa mizani. Kila alipopanda, mguu mmoja ulibaki chini, na namba ikabadilika. Uzito ni jambo la lazima, kwa sababu dozi hukokotolewa kutokana na eneo la mwili, na eneo hukokotolewa kutokana na kilo. Kilo 30 ni karibu mita ya mraba moja, pungufu kidogo. Hatimaye nilipiga magoti mbele ya mizani nikamwita. Alisimama kwa miguu minne, akanitazama. Kilo 29.6.

Daktari wa saratani alitandaza karatasi zote mezani. Eko imeshuka kutoka 36 hadi 28. Holter imehesabu mapigo ya nje ya zamu 340 kwa saa 24, mengi usiku, wakati ambapo karatasi yangu inasema amelala. Troponini iko juu ya kikomo, si kwa mbali. Chembe nyeupe zinatosha. Alisoma moja baada ya nyingine kwa utaratibu, kisha akamwangalia Bobi, aliyekuwa akitikisa mkia na kunusa mfuko wake.

Kwa kumtazama tu, Bobi ni mzima. Hakohoi. Anakula. Jana alimfukuza kunguru mpaka mwisho wa bustani. Mtu angemtazama asingeona sababu ya kubadili chochote, na hapo ndipo ugumu wa jambo hili ulipo. Moyo unaoumizwa na dawa hii hujificha. Unafidia mpaka unapochoka, na mbwa akianza kukohoa usiku, kuhema haraka au kuzimia, chumba cha kushoto kimekwisha kutanuka na kuta zake zimelegea. Zipo dawa za kumsaidia wakati huo, pimobendani ya kuupa moyo nguvu na furosemidi ya kutoa maji mapafuni. Zinampunguzia taabu na kumwongezea muda. Hazirudishi misuli iliyokufa.

Niliuliza kuhusu deksrazoksani. Ni dawa ya kuukinga moyo, huingizwa mshipani kwanza, na ndani ya nusu saa doksorubisini hufuata. Hukamata chuma kinachosaidia doksorubisini kuunguza seli za moyo. Daktari alisema angeitumia kwa mbwa ambaye moyo wake bado umesimama vizuri na ana jumla kubwa ya dozi. Kwa Bobi dalili zimeshakuwa tatu na zote zinaelekeza upande mmoja. Hataki kuweka kinga juu ya nyumba ambayo imeanza kushika moto.

Nilimwuliza kama kuiacha doksorubisini ni kuiachia limfoma. Nilitaka jibu la kweli. Akasema limfoma iliyorudi mara nyingi haiponi, na mimi nilikuwa nalijua hilo. Tunachomtafutia Bobi ni miezi mizuri, anayokula na kukimbia, na hakuna mwezi mzuri kwa mbwa mwenye maji mapafuni. Alipendekeza mitoksantroni. Ni ndugu wa doksorubisini kwa jinsi inavyofanya kazi, lakini moyo wa mbwa huivumilia vizuri zaidi. Inaweza isiwe na nguvu ileile. Nilimpigia Mama Neema, nikamwamsha. Alisikiliza, akasema, "Baba Neema, moyo kwanza." Nikatia saini.

Kisha wakaenda stoo, wakarudi. Mitoksantroni haikuwepo. Ingeagizwa ije Jumatatu, kwa kuwa Jumamosi hawapokei dawa za aina hiyo. Siku tatu zaidi bila dawa, na vinundu viko palepale chini ya taya. Nilivigusa tukiwa kwenye gari. Barua ya bima pia haikuwa tayari, daktari anayeziandika alikuwa likizo.

JUMAMOSI

Tumeagizwa kuhesabu pumzi. Mbwa awe amelala usingizi wa kweli, asiwe anaota wala anahema kwa joto. Unatazama mbavu. Kupanda na kushuka ni pumzi moja. Unahesabu kwa sekunde 30 na kuzidisha mara mbili. Mbwa mzima akilala huwa chini ya 30 kwa dakika. Ikianza kupanda siku baada ya siku, au ikivuka 30 na kubaki huko, unapiga simu bila kungoja asubuhi.

Nakipenda kipimo hiki kuliko vyote vya juma hili. Hakina foleni. Hakina fungu la bima. Kinaweza kufanywa na mtu yeyote mwenye saa na uvumilivu, Reading au Moshi. Bobi alilala kwenye zulia baada ya chakula cha mchana, mguu wa nyuma umenyooka, sehemu iliyonyolewa ubavuni ikionyesha ngozi ya kijivu yenye madoa. Ngozi ile ilipanda na kushuka bila haraka. Kumi na nane.

Nilipotaka kurudia kuhakikisha, kengele ya mlango ililia. Kilikuwa kifurushi cha jirani.

JUMAPILI

Nilimlipa jamaa wa Kisumu zamu yake. Basi lilikuwa na watu wachache na mashine ya tiketi ilikuwa mbovu tangu asubuhi.

Nilipotoka kazini nilikaa mezani na mafaili ya Bobi ya mwaka jana na ya mwaka huu. Dozi zake za doksorubisini zimeandikwa kurasa tofauti, nyingine kwa miligramu kamili alizopewa siku hiyo, nyingine kwa kipimo cha mita ya mraba, na mzunguko wa kwanza ulifanyika kwa daktari mwingine. Mtu mgeni akilifungua faili hili usiku wa dharura hawezi kujua kwa haraka Bobi amefika wapi. Na hiyo ndiyo namba anayoihitaji kabla ya zote. Nimeziorodhesha kwenye karatasi moja, tarehe na kiasi, na chini nimeandika jumla: 150, imesimamishwa, mapigo ya nje ya zamu. Nimeweka na majibu ya eko zote mbili, na tarehe ya eko ijayo, kwa sababu daktari alisema moyo unaweza kudhoofika hata miezi kadhaa baada ya dozi ya mwisho. Kwa hiyo tutaendelea kupima, kemo iwepo au isiwepo.

Mama Neema ameisoma na kusahihisha tarehe moja. Kesho tunatakiwa hospitali saa tatu. Nakala ya karatasi nimewatumia pia kliniki ya mtaani kwa barua pepe. Wamejibu papo hapo kwamba barua za Jumapili husomwa Jumatatu.